Kikohozi Juu ya Shimo

Lanet,
29 Septemba 2024

Mama,

Nakuandikia nikiwa nimekaa dirishani, mguu juu ya stuli, na plasta imeshageuka rangi ya chapati. Sisi hapa ni wazima nusu nusu. Natumai wewe na ng'ombe wako mko wazima kamili.

Najua Nasimiyu amekupa habari kwa simu, lakini ya mkwe husemwa kwa barua, ndivyo ulivyotuwekea tangu nimwoe binti yako. Ile siku niliyojaribu kukutumia ujumbe wa simu, ulimwambia Nasimiyu kwamba ujumbe huingia bila hodi, barua ndiyo hungoja mlangoni mpaka ikaribishwe. Basi hii inabisha hodi. Hiram ataileta lori lake likirudi Elburgon kubeba mbao.

Mbio nilizianza vizuri. Tulitoka hapo kwenu asubuhi na mapema, tupande msitu wa Mau, tushuke Njoro, tukamalizie juu ya ukingo wa Menengai, yaani mchana kutwa milimani. Nilikuwa wa nne na miguu ilikuwa bado na nguvu. Karibu na kituo ambapo ninyi akina mama wa kanisa mlikuwa mnagawa uji, nikakosa alama. Njia huonyeshwa kwa tepe zinazofungwa mitini, na nadhani nyani walikuwa wamezichezea, kwa sababu nilifuata njia ya zamani ya wapasuaji mbao mpaka nikatumbukia kwenye shimo lao. Wewe unayajua mashimo yale, mmoja alisimama ndani, mwenzake juu, msumeno ukipanda na kushuka katikati. Siku hizi yamefunikwa na majani. Mguu ulivunjika chini ya goti. Niliita mpaka sauti ikaisha, na mvua ikaja juu ya hayo. Wasimamizi walidhani nimechoka nikapanda boda kwenda nyumbani. Wachungaji ndio walionitoa kesho yake.

Kuna mtu alipita pale juu mchana ule. Sikumwona uso.

Daktari amesema nitatembea, ila mbio za milimani nizisahau. Nililia, Mama, na sioni haya kukuambia.

Lakini si hilo lililonifanya nichukue kalamu. Nasimiyu presha imempanda, na ameambiwa alale mpaka ajifungue, asiinuke ila kwenda msalani. Tuko ghorofa ya tatu. Mtu wa mguu mmoja anamtunza mtu asiyeruhusiwa kusimama. Wamuyu wa mlango wa pili hutupikia akitoka kazini, Mungu ambariki, lakini mchana ni mrefu. Nakuomba uje ukae nasi.

Wako,
Sitati


Elburgon,
3 Oktoba 2024

Mkwe wangu,

Barua yako ilibisha, nikaifungulia, nikaikalisha. Pole kwa mguu. Pole kwa mbio pia, maana najua ulizipenda kuliko ugali.

Kuja siwezi. Mvua imeshika na viazi viko tayari, vikikaa ardhini vitaoza vyote. Ng'ombe naye ana mimba kama binti yangu, na hana Wamuyu. Halafu kwaya inajiandaa kwa mavuno na sauti ya tatu ni mimi peke yangu.

Na hata ningekuwa mtu asiye na shughuli, nyumba ni yako. Nitalala wapi? Mama mkwe chini ya paa la mkwe, msala mmoja, kamba moja ya kuanikia nguo. Kwetu hilo halijafanyika hata na walevi. Tangu umwoe binti yangu jina lako sijalitamka, na uso wako sijautazama vizuri. Ukiniuliza una masharubu au huna, sijui. Hiyo ndiyo heshima tuliyopewa, na sikuitunga mimi. Ningesema mleteni Nasimiyu huku, lakini naambiwa daktari amekataza barabara.

Umesema kuna mtu alipita. Msituni kuna watu wengi, wakata kuni, wachoma makaa. Uliona nini hasa? Nauliza tu. Mimi siku ile niliondoka kituoni mapema, kichwa kiliniuma.

Hiram ana gunia la viazi, kuku wawili na mboga ya mrenda. Kuku mwekundu ni mkorofi, achinjwe kwanza.

Mama Nasimiyu


Lanet,
9 Oktoba 2024

Mama,

Kuku mwekundu ametangulia, na alipigana mpaka mwisho. Asante.

Kutoka dirishani naona barabara ya Nairobi, na asubuhi naona vijana wa jeshi wakitoka kambini kukimbia. Wanatua kwa visigino vibaya sana, natamani kuwapigia kelele. Hiyo ndiyo kazi yangu sasa, kukaa juu nikisahihisha visigino vya watu. Sebule hii si kubwa kuliko lile shimo. Kuna mchana nasinzia kwenye kiti, nikishtuka natafuta ukuta wa udongo kwa mikono, mpaka nisikie honi za magari ndio nijue niko wapi.

Sikutaka kukuambia hili. Juzi Nasimiyu aliinuka kuniletea maji, akaanguka karibu na sinki. Nilijitupa chini kutoka kwenye kiti, nikajivuta mpaka alipo, na sikuweza kumwinua. Yeye mzito, mimi plasta. Tulilala sakafuni sote wawili, nimemshika mkono, mpaka Wamuyu alipotoka kazini. Daktari anasema akianguka hivyo tena tunaweza kumpoteza yeye na mtoto. Nimekimbia milima mingi, Mama, lakini woga kama ule sijawahi kuuona.

Nimefikiria haya ya paa. Nitafunga kamba sebuleni na kutundika pazia. Mimi nitakaa upande wa dirisha, wewe uwe na upande wa jikoni na chumba cha Nasimiyu. Nikitaka kupita nitagonga mkongojo, wewe ugeuke. Hutaniona na sitakuona.

Na yule aliyepita, sikuona kitu. Lakini alikuwa mtu mwema, hilo nalijua. Tuliache hapo.

Wako,
Sitati


Lanet,
14 Oktoba 2024

Mama,

Naandika nikiwa nimelala, kwa hivyo mwandiko unisamehe. Simu zangu hushiki siku hizi, na ukishika unasema mtandao ni mbaya, nami nakusikia vizuri kabisa.

Leo Wamuyu alifungua mfuko wa nguo uliotoka hospitali na Sitati, ule ambao amekuwa akiuficha nyuma ya kiti chake. Akafua, akaanika. Nikaona leso kwenye kamba kutoka hapa kitandani. Ni yako, Mama. Ile ya bluu yenye michoro ya korosho, ambayo Sitati alikununulia siku ya mahari, na ina alama ya pasi pembeni ambayo niliichoma mimi mwenyewe ukanigombeza.

Nimemuuliza Sitati ameitoa wapi. Akasema shimoni. Nikamuuliza ilifikaje shimoni. Akageukia dirisha na mpaka sasa anajifanya anahesabu magari.

Jioni ile ya mbio nilikupigia. Nilikuuliza, "Mama, umemwona Sitati?" Ukaniambia hujamwona. Nikatulia kwa sababu ni wewe uliyesema. Nikadhani ameshapita mbali, yuko Menengai anasherehekea na wenzake. Kumbe alikuwa amelala kwenye udongo, mvua inamnyeshea, mguu unafura, kilomita chache kutoka mlangoni kwako.

Sasa niambie. Kama ulimwona ukamwacha, niambie. Kama humpendi mume wangu, niambie pia, nijue nalilia nini. Wewe ndiye uliyenilea ukisema mficha uchi hazai. Mimi nakaribia kuzaa. Wewe unaficha nini?

Nasimiyu


Elburgon,
17 Oktoba 2024

Mkwe wangu, na binti yangu,

Barua hii ni yenu nyote. Isomwe kwa sauti, nisiiandike mara mbili.

Siku ile nilitoka kituoni na ndoo kwenda kijitoni, maji ya uji yalikuwa yamepungua. Nikasikia mtu anaguna. Nikachungulia shimoni. Nikaona kofia niliyoifuma kwa mikono yangu, nikaona jezi ya kijani, na chini ya jezi hapakuwa na nguo. Mkwe wangu, uchi, amejikunyata kwenye kona. Nikasema moyoni, tumbo limemharibikia, amejificha ajisaidie. Wakimbiaji wengi walikuwa wanaingia vichakani siku ile, uji wetu na zile sukari zao za paketi havikupatana. Nikafanya alivyofanya mama yangu, na mama yake. Ukikutana na mkwe njiani, unatoka njiani. Niligeuka nikakimbia, mimi na magoti haya.

Mkwe, uliandika kwamba aliyepita alikuwa mtu mwema. Huyo mtu simjui. Labda unadhani nilikutupia leso ujisitiri. Sikukutupia. Ilishikwa na mti, ikaniponyoka, ikaanguka ndani, na sikurudi kuichukua kwa sababu kurudi kungekuwa kukuona mara ya pili.

Nasimiyu, ulipopiga simu ukauliza kama nimemwona, nilikuwa na picha moja tu kichwani, na picha hiyo mama mkwe haisemi. Nikasema sijamwona. Mvua ilipoanza kugonga mabati, moyo uliniambia niamke nikawaite watu. Nikaujibu kwamba ameshafika Njoro. Nikavuta blanketi.

Simchukii mume wako. Ningemchukia ingekuwa rahisi, ningekuja hapo nikamchukie karibu. Ninachokiona ni aibu, na ni kubwa kiasi kwamba siwezi kuja kusimama mlangoni kwenu. Nimekaa ndani ya nyumba hii kama niliyefungiwa, na ufunguo ninao mwenyewe. Viazi nilimaliza kuchimba kabla sijakuandikia ile barua ya kwanza.

Mama Nasimiyu


Lanet,
20 Oktoba 2024

Mama,

Nilisoma kwa sauti kama ulivyoagiza. Nasimiyu alilia, kisha alicheka nilipofika kwenye magoti yako, kisha akalia tena. Bado ana hasira, lakini ameuliza kama umekula.

Sasa zamu yangu. Nilijua ni wewe tangu mwanzo. Nilikutambua kwa kikohozi. Hakuna mtu mwingine msitu mzima anayekohoa vile, kavu, mara tatu, ni vumbi la mbao la miaka yako yote kiwandani. Kaptula nilikuwa nimeivua na kuichana, nikaufunga mguu kwa kijiti nilichokipata mle ndani. Nikasikia unakuja. Ningesema "Mama" mara moja tu, ungeshuka shimoni na ndoo yako. Badala yake nilivuta ile kofia nikajiziba mdomo. Kule kuguna ulikokusikia kuliniponyoka.

Niliona afadhali nife mle kuliko mama mkwe wangu anione. Wewe unasema ulinikimbia. Mimi nilikuwa nimeshakukimbia, na mguu wangu umevunjika. Nilianza kuita baadaye, ulipokwisha kwenda na nilipokuwa nimejifunika. Ndipo mvua ikaja.

Nimemwambia Nasimiyu yote haya. Akasema, "Kumbe nimezungukwa na watu wawili wajinga." Nadhani ni msamaha, ila sina hakika.

Na leso, iwe ilitupwa au ilianguka, ndiyo niliyojifunika. Daktari alisema bila kitu mwilini baridi ya Mau ingenimaliza. Kwa hivyo usinibishie kuhusu yule mtu mwema.

Nimeitundika sebuleni leo. Inafika nusu ya chumba tu. Leso huuzwa mbili mbili, na pacha yake unayo wewe. Ilete.

Sitati


Upande wa jikoni,
27 Oktoba 2024

Mkwe,

Chai iko sakafuni chini ya leso. Usiivute mpaka usikie nimefika jikoni.

Na huo mkongojo unaugonga kama polisi. Gonga kwa adabu.

Mama Nasimiyu


Upande wa dirisha,
siku hiyohiyo

Mama,

Chai ilikuwa tamu. Nasimiyu anasema nikujulishe kwamba ukisimama karibu na taa, kivuli chako chote kinaonekana kwenye leso. Mimi nimefumba macho.

Sitati


Upande wa jikoni,
6 Novemba 2024

Mkwe,

Miguu ya Nasimiyu imevimba leo kuliko jana na uso umeanza. Hataki nikuambie. Nimekuambia.

Tangu nije sijashuka zile ngazi. Naogopa nikienda hata dukani, nirudi nikute jambo. Kwa hivyo sasa tumefungwa watatu, na hatuwezi hata kutazamana. Usiku huu usilale usingizi mzito. Nikikuhitaji nitagonga sufuria.

Mama Nasimiyu


Wodi ya akina mama, Nakuru,
11 Novemba 2024

Sitati,

Ndiyo, nimeliandika.

Ni msichana. Ana nywele nyingi na hasira nyingi. Nasimiyu amelala, presha imeshuka, daktari amesema ilikuwa imebaki kidogo tu tumpoteze. Kesho au kesho kutwa tutaruhusiwa. Barua hii nampa muuguzi anayekaa Lanet, simu ni ya kupigia watu wengine.

Tangu jana napitia zile ngazi kichwani. Jumapili, jumba zima liko kanisani, Wamuyu amezima simu, teksi inapiga honi chini na dereva anasema mgongo wake mbovu hawezi kupanda. Binti yangu ameanguka mikononi mwangu, maji ya uzazi yamemwagika. Niligonga ile sufuria, na kabla sijaigonga mara ya pili wewe ulikuwa umeshaangusha kamba na leso zote mbili.

Nani alikufundisha kufunga leso vile? Mbili kwa pamoja, zikampita mgongoni na chini ya mapaja. Nikashika ncha za juu, ukashika za chini, ukakaa kwenye ngazi kinyumenyume, uso umenielekea, plasta mbele, ukaanza kushuka kwa makalio kama mtoto mchanga. Kwenye kona ya kwanza mikono ilinitoka jasho, nikatazama chini, nikaona lile pengo la katikati ya ngazi. Nikapiga kelele, "Sitati, namwangusha!" Sikujua kama nimelitaja mpaka niliposikia limerudi kutoka ukutani.

Nawe ukasema, bila kupandisha sauti, "Mama, usitazame ngazi. Nitazame mimi."

Nikakutazama. Kutoka kona ile mpaka chini sikuondoa macho. Kumbe una kovu kwenye nyusi. Kumbe masharubu huna. Kumbe unafanana na marehemu kaka yangu ukiumwa, maana nilikuona unaumwa, kila ngazi iliupiga ule mguu. Nilikuona vizuri, mwanangu, na mbingu haikuanguka.

Wazee nyumbani watataka mbuzi wa kuondoa haya, na tutampeleka. Mila ni mila na sina ugomvi nayo. Ugomvi nilio nao ni na mimi mwenyewe, na una swali moja. Nijibu ukweli, usinifurahishe. Siku ile ya shimo, kama ningekuita kwa jina kama nilivyokuita jana, ungeitika?

Nerima


Lanet,
12 Novemba 2024

Mama,

Nimesoma sehemu ya msichana mara nyingi mpaka karatasi imelainika.

Teksi ilipoondoka na ninyi, nilibaki nimekaa kwenye ngazi ya mwisho, mkongojo uko juu, nyumba iko wazi. Majirani walirudi kutoka kanisani wakanikuta pale, nacheka na kulia, wakadhani dawa zimenizidi. Walitaka kunibeba wanirudishe juu. Nimekataa. Nimelala kwa Maxwel mwenye duka la kinyozi hapa chini, na sasa amenitolea kiti nje, karibu na lango. Jua linanipiga mguuni. Vijana wa jeshi wamepita asubuhi, na mmoja nimemwambia habari ya kisigino chake.

Umetaka ukweli. Siku ile nisingeitika. Ningeisokomeza ile kofia mdomoni zaidi. Kwa hivyo lile shimo si lako peke yako, tulikuwa ndani wote wawili, na sitaki tena ulibebe kama lako.

Lakini mkifika hapa langoni na mtoto, usimtume dereva. Usigeuke. Usikohoe. Niite.

Sitati